Kutopimwa Si Sifuri: Risala ya Waliokuwa Vibarua wa Karakana ya Mabomba, Goweko

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Naibu Waziri. Viongozi wa mkoa na wilaya mliofuatana naye. Mashehe, mapadri na wachungaji wetu. Wazee wetu, shikamooni. Wananchi wa Goweko, nanyi mliotoka Isevya, Nzega na Igunga kuja kushuhudia siku hii: mwangaluka. Wageni wasioijua salamu hiyo, ndivyo tunavyoamkiana huku asubuhi.

MAKARIBISHO

Karibu Goweko, Mheshimiwa. Umefika siku ambayo watu wa hapa wameingoja tangu enzi za bibi zao. Muda mfupi ujao utafungua bomba, na akina mama watakinga maji bila kwenda kuyachimbua mchangani kama walivyozoea kila kiangazi. Sisi pia tumefurahi. Tunaomba hilo lieleweke mapema, kwa sababu tumesikia minong'ono kwamba watu wa umoja wetu wamekuja kuharibu sherehe. Hatukuja kuharibu. Maji haya yanapita ndani ya mabomba tuliyoyachomelea na kuyasaga kwa mikono yetu, na hakuna hata mmoja wetu anayeyachukia. Suzana, mjane wa mwenzetu marehemu Lugembe, amesafiri kutoka Igunga, na amekuja na ndoo kama wenzake.

Kamati ya maandalizi ilituomba tuifupishe risala hii. Tumeifupisha kadiri tulivyoweza. Yaliyobaki yalitushinda kuyapunguza.

SISI NI NANI

Sisi ni wanaume na wanawake tuliofanya kazi katika karakana ya mabomba iliyokuwa hapa kando ya reli, pale mnapoona uzio wa mabati. Wengi wetu tulikuwa wakulima wa tumbaku. Wengine ni mafundi wa mjini, watu wa Isevya ambao baba zao walikuwa wahunzi na maseremala. Mkandarasi aliyekuwepo wakati ule alituajiri kwa kazi za kuchomelea, kusaga viungio, kufagia, kulinda na kupika. Nchi yetu hii inaijua kazi ya kubeba. Babu zetu walibeba pembe na nguo kati ya Unyanyembe na pwani, na mpagazi aliujua uzito wa mzigo wake, kwa kuwa ulipimwa kabla hajajitwisha. Mzigo tuliobebeshwa sisi haukupimwa, nasi hatukujua kwamba tumebeba.

Katika kazi ya mabomba, Mheshimiwa, kila kiungio kikishachomelewa lazima kikaguliwe kama kina ufa ndani. Ukaguzi huo hufanywa kwa mionzi, mfano wa picha ya kifua hospitalini, ila mionzi yenyewe ni mikali zaidi kwa sababu inapenya chuma. Kuna kidonge cha chuma, kidogo kama punje ya mtama, kinachohifadhiwa ndani ya kasha zito. Hutolewa kwa waya, hukaa kwenye kiungio kwa muda, kisha hurudishwa kashani. Waliofanya kazi hiyo tuliwaita wapiga picha. Kila mpiga picha alivaa kifuani beji ndogo inayopima mionzi iliyoupata mwili wake. Beji ilipelekwa kusomwa, kipimo kikaandikwa kwa jina lake, na kila mwaka aliitwa kuchunguzwa afya. Hao waliwekwa kundi la wafanyakazi wa mionzi.

Sisi tuliobaki tuliitwa wafanyakazi wengine. Hatukuwa na beji. Mwenzetu mmoja aliwahi kuuliza kwa nini, akajibiwa kwamba beji ni za watu wanaokaa karibu na mionzi, na sisi hatukai karibu nayo. Jibu hilo lilituridhisha. Mtu akiambiwa yuko salama, anarudi kwenye kazi yake.

Lugembe alikuwa msagaji wa viungio. Alizaliwa Igunga kwenye familia ya wafugaji, akaja huku kulima tumbaku, na mgongo wake ukaharibika kwa kubeba mitumba ya majani. Kwa ajili ya mgongo huo hakupenda kukaa pasipo na kitu cha kuegemea. Alikuwa mtaratibu wa kula, wa mwisho kumaliza kila siku, na mpishi wetu Koleta alikuwa akimwekea ukoko wa ugali kwa sababu aliupenda kuliko ugali wenyewe. Baiskeli ya mtu ikiharibika njiani, aliyesimama kuitengeneza alikuwa Lugembe. Tunayasema haya ili anapotajwa leo, Mheshimiwa umjue kama mtu.

YALIYOTUPATA

Ilikuwa masika ya mwaka juzi. Upepo ulichana turubai tulilokuwa tukilia chakula chini yake, na wakati tukisubiri lingine tulihamia kwenye kivuli cha mabomba makubwa yaliyopangwa uani. Lugembe alichagua bomba moja lililokuwa mwishoni, akaliegemea. Fundi Nassibu wa Isevya alikaa ubavuni mwake, kwa kuwa walikuwa marafiki. Tunu, aliyekuwa mfagiaji, alikaa kando yao kidogo.

Bomba lile lilikuwa limepigwa picha asubuhi ya siku hiyo. Mpiga picha alikuwa Wenceslaus, kijana mpole aliyekuwa akisalimia kila mtu. Baadaye yeye mwenyewe alieleza mbele ya wachunguzi kilichotokea. Kidonge kilichomoka kwenye waya wake kikabaki ndani ya bomba, na yeye akafunga kasha akiamini kimo. Alikuwa na kifaa cha mkononi ambacho kingemwonyesha kosa lile, lakini betri yake ilikuwa imekufa. Alikuwa ameomba betri nyingine. Msimamizi akamwambia viungio vinavyongoja ni vingi, aendelee, betri zitakuja.

Basi kidonge kile kilikaa humo, na sisi kila adhuhuri tulikwenda na sahani zetu kukaa kando yake. Mionzi haina harufu, haina joto wala sauti. Tuliongea habari za mvua na bei ya mahindi.

Lugembe alitapika siku ya kwanza kabla hajamaliza zamu yake. Siku iliyofuata Nassibu naye akatapika, na Tunu akawa na kizunguzungu. Msimamizi alisema ni maharage. Alimwita Koleta mbele yetu sote, akamwambia amelisha watu chakula kilichooza, akamfukuza palepale. Koleta alijaribu kueleza kwamba na yeye amekula sufuria hiyo hiyo. Hakusikilizwa. Aliondoka na mwiko wake na kanga aliyokuwa amejifunga, na kwa miezi mingi hakuna mtu Goweko aliyenunua hata maandazi yake.

Mpishi mpya akaletwa. Maharage yakawa ya mpishi mpya, na watu wakaendelea kutapika.

Baada ya hapo mgongo wa Lugembe, upande wa kulia, uliwiva ukawa mwekundu, kisha ngozi ikachanika kama ya mtu aliyemwagiwa uji wa moto. Nassibu alikuwa na alama kama hiyo begani. Walikwenda pamoja hospitalini Kitete, na hapo ndipo Mungu alipotuletea daktari mwenye macho. Aliwatazama wote wawili, akawauliza moto umewakuta wapi. Wakamjibu kwamba hawajakaribia moto. Akasema, "Nielezeni kazini kwenu kuna mashine gani." Nassibu akaanza kuzitaja. Alipofika kwa wapiga picha, daktari aliinuka akaenda kupiga simu.

Wataalamu wa mionzi walifika kutoka Arusha, wakatutoa wote nje ya uzio. Kidonge kilipatikana ndani ya bomba, usawa wa mahali ambapo Lugembe alikuwa akiweka mgongo. Tunawashukuru wataalamu wale. Waliifanya kazi yao kwa ujasiri, na walizungumza nasi kama watu.

Lugembe alipelekwa Dar es Salaam. Suzana alikuwa naye. Ametuambia kwamba kidonda hakikukubali dawa, kwamba damu yake ilikuwa haina tena nguvu ya kupigana, na kwamba hadi siku za mwisho alikuwa akimuuliza kama turubai limeshaletwa, maana alihofia wenzake wanaendelea kulia chakula pale kwenye mabomba. Alizikwa kwao Igunga. Nassibu alipona kwa namna ya kupona. Walimkata nyama ya pajani wakaipandikiza begani, na mkono wake wa kulia haufiki tena juu ya kichwa.

SIFURI

Baada ya matanga, mkandarasi alituita kusikiliza taarifa ya ajali. Ofisa usalama wake ndiye aliyeisoma. Alianza na kundi la wafanyakazi wa mionzi. Wenceslaus alitajwa kwa jina, na kipimo cha beji yake kikasomwa. Kilikuwa kimezidi kiwango kinachoruhusiwa. Tukaelezwa kwamba amekwisha kupelekwa kwenye matibabu na atafuatiliwa maisha yake yote, kama sheria inavyotaka. Tulilipokea hilo kwa moyo mweupe.

Kisha akasoma, "Wafanyakazi wengine: sifuri."

Tulidhani tumesikia vibaya. Akarudia. Akaeleza kwamba taarifa hujazwa kwa makundi, na kundi letu halikuwa na beji, kwa hiyo hakuna kipimo kilichosomwa, na pasipo na kipimo huandikwa sifuri.

Suzana alikuwa amekaa mbele, bado amevaa nguo za msiba. Aliinua mkono kama mwanafunzi. Akasema, "Kama ni sifuri, mume wangu ameuawa na nini?"

Ofisa yule hakuwa mtu mbaya. Alisema, "Mama, mimi nimeandika kilichosomwa."

Mheshimiwa mgeni rasmi, tangu siku hiyo sentensi ile imetufuata kila ofisi tuliyoingia. Tumekuwa tukieleza kwamba mtu asiyepimwa homa hatuwezi kusema hana homa. Tunasikilizwa kwa heshima, tunakaribishwa viti, na mwisho mezani kunabaki sifuri ileile.

TULIYOYAFANIKISHA

Hatukukaa mikono mifukoni. Tuliunda umoja huu, tukamchagua Koleta kuwa mwenyekiti. Kabla ya kumchagua tulikwenda nyumbani kwake na mzee wa kanisa na shehe, tukatangaza nje ya mlango wake, majirani wakisikia, kwamba chakula chake hakikumdhuru mtu. Alitusikiliza, akatukaribisha ndani, akapika. Tulikula maharage. Sasa biashara yake imerudi, na leo ndiye aliyepika chakula cha wageni.

Jambo la pili ni hili. Wataalamu walitueleza kwamba hata asiyevaa beji anaweza kukadiriwa mionzi aliyopata, ikijulikana nguvu ya kidonge, unene wa chuma, mahali alipokaa na muda aliokaa. Walikubali kuja kuirudia siku ile, kwa vifaa vya kupimia na kidonge dhaifu kisicho na hatari. Bomba lilikuwepo. Sisi tulikuwepo. Aliyekosekana ni Lugembe.

Mtaalamu mmoja, mama mtu mzima, aliuliza kwa upole kama kuna mtu wa urefu na umbo lake. Tukatazamana. Nassibu akasema, "Mimi. Nguo zake zilikuwa zikinitosha." Akavua shati ili vifaa vifungwe mgongoni, na wote tukaliona bega lake, ambalo wengi wetu hatukuwahi kuliona wazi. Akaenda kukaa. Alikaa mahali pake mwenyewe kwanza, kwa mazoea. Akajikumbuka, akasogea mahali pa rafiki yake.

Suzana ndiye aliyeombwa kueleza mumewe alivyokuwa akikaa anapokula. Alimwambia Nassibu anyooshe mguu wa kushoto na kuukunja wa kulia, ashushe mabega, ainamishe kichwa kidogo kuelekea sahani. Alimzunguka akimrekebisha kwa mkono. Alipomaliza alirudi nyuma akatazama, akasema, "Hivyo. Huyo ndiye."

Vipimo vilichukuliwa muda wote ule Nassibu akiwa hajatikisika. Aliambiwa anaweza kupumzika, akakataa. Alisema Lugembe alikuwa mtaratibu wa kula.

Makadirio yalitoka miezi michache baadaye. Yalionyesha kwamba mionzi aliyopata Lugembe ilizidi mara nyingi sana ile ya Wenceslaus mwenye beji. Nassibu naye alimzidi. Tunu alikuwa chini yao, lakini juu ya kiwango ambacho mtu yeyote wa kazi anaruhusiwa kupata kwa mwaka mzima. Kwa mara ya kwanza tulikuwa na kitu mahali pa sifuri. Tunaona ni sawa tukisema kwamba siku ile tulilia, na kilio kile kilikuwa na nafuu ndani yake.

YANAYOTUKWAZA

Furaha ile haikudumu. Tuliyapeleka makadirio, tukajibiwa kwamba makadirio si kipimo. Huduma ya kuchunguzwa kila mwaka, na malipo ya fidia, tuliambiwa ni kwa walio kwenye kundi la wafanyakazi wa mionzi, na mtu huingizwa kundi hilo anapoajiriwa. Haingizwi baada ya ajali. Mkandarasi alikwisha kukabidhi kazi na kuondoka. Aliyebaki kujibu hajui kitu isipokuwa karatasi alizoachiwa.

Nassibu ameomba kazi ya kuchomelea mara kadhaa mjini. Akisema alipata mionzi, hapewi kazi. Asiposema, mkono wake unamsema. Watu wengine wanaamini mionzi inaambukiza. Kwenye harusi ya mpwa wake pale Isevya, vijana walimwekea sinia lake peke yake. Baba wa bwana harusi alipoona aliinuka kwenye kiti chake, akaenda kukaa na Nassibu, akala naye sinia moja mpaka likaisha. Tunamwombea mzee yule kheri kila tukimkumbuka.

Mheshimiwa, sehemu inayofuata inamhusu Tunu, ambaye ndiye mnayemsikia akiwasomea risala hii. Wanaumoja walitaka sehemu hii isomwe na mtu mwingine, naye akakataa. Ataisoma kama sehemu nyingine.

Wakati wa ajali Tunu alikuwa na mimba changa ambayo hakuwa amemwambia mtu zaidi ya mumewe. Iliharibika wiki chache baadaye. Amewauliza madaktari wengi kama chanzo ni mionzi. Hakuna anayeweza kumjibu ndiyo, na hakuna anayeweza kumjibu siyo. Wanamwambia ingejulikana vizuri zaidi kama angekuwa amevaa beji. Mimba huharibika kwa sababu nyingi, na pengine hii ingeharibika hata kama angekuwa nyumbani kwake akichambua mchele. Anajua hivyo. Lakini kila anapofikiria kushika mimba nyingine anaogopa, na kila anapokuwa na homa anaogopa, na hana mahali pa kwenda mwaka hata mwaka mtu akamtazama na kumwambia, uko salama, rudi nyumbani. Hicho tu ndicho anachokitaka. Mumewe ni mvumilivu. Hajamhimiza.

Hatuna kinyongo na Wenceslaus. Mwaka jana alisafiri mpaka Igunga kumtafuta Suzana. Alikaa uani, akapewa chai. Akamwambia, "Shemeji, mimi naitwa kila mwaka kuchunguzwa. Nikienda namkuta daktari ananingoja. Na mimi sikukaa karibu na kile kidonge kama alivyokaa yeye." Suzana alimjibu kwamba asiache kwenda. Alimwambia angefurahi kusikia ameishi mpaka akazeeka. Wenceslaus ameandika ushahidi wake na kuukabidhi kwa kila aliyeuhitaji, na kwa kufanya hivyo hakuajiriwa tena na wakandarasi wa mabomba. Naye yupo hapa leo, amekaa na sisi.

MAOMBI YETU

Tunaomba ile sifuri ifutwe. Hatuombi kiandikwe kitu tusichokijua. Paandikwe kwamba hawakupimwa, na mbele yake yaandikwe makadirio ya wataalamu, kwa jina la kila mmoja. Jina la Lugembe liandikwe la kwanza.

Tunaomba tuingizwe kwenye kundi la wafanyakazi wa mionzi, ijapokuwa tumechelewa, ili Nassibu, Tunu na wengine waliokuwa kwenye kivuli kile wachunguzwe kila mwaka hapa hapa Kitete, bila kusafiri mpaka mbali. Tunaomba Suzana ahesabiwe kuwa mjane wa mfanyakazi aliyefia kazini, na haki zinazofuata hapo yeye na wanawe wazipate.

Ombi letu la mwisho ndilo lililotufanya tukatae kuifupisha zaidi risala hii.

Mheshimiwa, baada ya kufungua maji utaweka jiwe la msingi la awamu ya pili ya bomba, litakalokwenda vijiji vya mbele. Karakana inafunguliwa tena, ndani ya uzio uleule, na mkandarasi mwingine. Vijana wetu wameshaandikwa kazi. Wapiga picha nao wamefika na kasha lao, na tumewaona wamevaa beji. Vijana wetu wanaochomelea na kusaga hawana. Walipouliza waliambiwa beji ni za watu wanaokaa karibu na mionzi.

Mmoja wa walioajiriwa ni Zabibu, binti mkubwa wa Lugembe. Amesomea uchomeleaji katika chuo cha ufundi, na waliomjaribu wanasema mkono wake umetulia kuliko wa wanaume wengi. Mama yake alipopata habari alifunga safari kumkataza. Walizungumza mchana kutwa nyumbani kwa Koleta. Suzana alimwambia, "Mwanangu, siwezi kuosha kidonda kama kile mara ya pili." Zabibu alilia naye. Kisha akamwambia, "Mama, nikikataa wataingiza mwingine, naye hatajua hata kuuliza. Mimi nitauliza."

Ameuliza, Mheshimiwa. Ndiyo maana tunajua jibu alilopewa.

Tunaomba kila mtu atakayepita lango la karakana ile, awe fundi, mlinzi au mpishi, avae beji, na kipimo chake kisomwe na kuandikwa kwa jina lake, naye aonyeshwe. Tunaomba kifaa cha mkononi kisichowaka kisimamishe kazi, hata kama viungio vinavyongoja ni vingi. Hayo yakifanyika, hatutakuwa na la kulalamika hata kama mengine yatachukua muda.

Kazi inaanza Jumatatu asubuhi. Zabibu amepangiwa zamu ya kwanza.

SHUKRANI NA DUA

Tunakushukuru kwa kutusikiliza mpaka hapa, Mheshimiwa mgeni rasmi. Mwenyezi Mungu akurudishe salama kwa watu wako, akupe afya na moyo usiosahau. Awajalie watu wa Goweko maji yasiyokatika. Amrehemu ndugu yetu Lugembe, na awalinde wanaoingia kazini.

Ni sisi,
Umoja wa Waliokuwa Vibarua wa Karakana ya Mabomba, Goweko.

Imesomwa na Tunu Adinani, katibu, kwa niaba ya mwenyekiti Koleta Ngollo na wanaumoja wote, walio hai na aliyetutangulia.